Ini Likikatwa: Seli Zilizolala Huamkaje?

Wazee wetu wa pwani walipotaka kueleza uchungu usio na kifani, walisema fulani amekatwa maini. Lilikuwa fumbo la majonzi: maneno yaliyochoma, kifo cha mwana, au usaliti wa mtu wa karibu. Leo fumbo hilo limekuwa jambo la kweli katika vyumba vya upasuaji. Mtu mzima, mwenye afya na akili timamu, hulala kitandani kwa hiari yake, akakatwa nusu ya ini lake na zaidi, likapewa mzazi au mwanawe. Baada ya miezi michache huwa amerudi katika shughuli zake, na ndani ya mbavu zake mna ini linalokaribia ukubwa lililokuwa nao kabla ya kisu.

Tumfikirie binti mmoja ambaye mamake ini limemchakaa. Macho ya mama yamekuwa manjano, tumbo limejaa maji, na dawa hazifui dafu tena. Daktari amewaita wanawe na kuwaambia kwamba tumaini lililobaki ni kupandikizwa ini, na kwamba mmoja wao aweza kumgawia lake. Nyumbani panazuka mazungumzo marefu. Baba ananyamaza. Khalati analia. Mume wa binti anauliza swali ambalo kila mtu analo moyoni: “Akishalitoa, yeye atabaki na nini?”

Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kutiana moyo tu. Hujibiwa kwa kuelewa kinachotokea ndani ya ini lililokatwa. Na hicho, ndugu msomaji, ni miongoni mwa mambo ya ajabu zaidi katika umbile la mwanadamu.

Kiungo kisichopumzika

Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo 1.5, na ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote vilivyo ndani ya mwili. Limejificha upande wa kulia, chini ya mbavu. Karibu robo tatu ya damu inayoliingia hutoka utumboni, ikiwa imebeba yote tuliyokula na kunywa. Ini hupokea shehena hiyo na kuipambanua. Sukari iliyozidi huwekwa akiba, na mwili ukikosa chakula, kama mchana wa Ramadhani, akiba hiyo hufunguliwa. Ini ndilo litengenezalo nyongo ya kuyeyushia mafuta, protini za kugandisha damu mtu akijikata, na ndilo livunjalo sumu na mabaki ya dawa.

Kwa sababu hiyo mtu hawezi kuishi bila ini hata kwa siku chache. Figo zikishindwa, ipo mashine ya kusafisha damu, nao wagonjwa huishi nayo kwa miaka mingi. Kwa ini hapana mashine inayoweza kushika kazi zake zote kwa muda mrefu. Ndipo lilipo tatizo la mama yule, na ndipo ilipo hekima ya kiungo hiki kuumbwa na uwezo wa kujijenga upya.

Usingizi wenye masikio

Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa jicho tupu. Si seli zote zenye tabia moja. Seli za utando wa utumbo hugawanyika mfululizo, na utando wote hubadilishwa kwa muda wa siku chache. Seli nyingi za ubongo na za misuli ya moyo, kinyume chake, zimeuacha kabisa au karibu kabisa mwendo wa kugawanyika. Ndiyo maana anayepatwa na kiharusi au mshtuko mkubwa wa moyo hubaki na kovu mahali palipokufa.

Seli za ini ziko kati ya makundi hayo mawili. Kwa kawaida hazigawanyiki. Ukilipima ini la mtu mzima mwenye afya, utakuta seli iliyo katika kugawanyika ni moja tu kati ya maelfu. Wanasayansi huiita hali hiyo utulivu, yaani seli imetoka kwenye mzunguko wa kugawanyika na kukaa pembeni. Lakini isidhaniwe kwamba imelala ikaacha kazi. Mchana na usiku huendelea kutengeneza nyongo, kupima sukari na kuvunja sumu. Kilicholala ndani yake ni ule uwezo wa kuzaa seli nyingine, na hata huo umelala kama alalavyo mama mwenye mtoto mchanga: usingizi wenyewe una masikio.

Milango ya mzunguko

Ili tufahamu seli huamkaje, yatupasa tujue inaamkia wapi. Mwaka 1953, watafiti wawili waliofanya kazi London, Alma Howard na Stephen Pelc, walichunguza mizizi ya maharagwe mapana wakagundua kwamba seli haigawanyiki kiholela. Hupitia hatua nne kwa utaratibu. Kwanza hukua na kujiandaa. Pili hunakili DNA yake yote, maana haiwezekani seli moja izae mbili bila kila moja kupata nakala kamili ya maagizo ya urithi. Tatu hukagua kazi iliyofanyika. Nne hujikata ikawa mbili.

Mwaka 1974, Mmarekani Arthur Pardee alionyesha kwamba katika hatua ile ya kwanza kuna kizingiti. Kabla ya kukivuka, seli yaweza kughairi na kurudi kwenye utulivu wake. Ikishakivuka, haigeuki tena. Itaendelea mpaka mwisho hata kama vichocheo vya nje vimeondolewa. Mlango huo hulindwa na protini inayowafungia wale ambao wangeanzisha kunakili DNA. Ili mlinzi huyo alegee, yahitajika protini nyingine zijikusanye kwa wingi wa kutosha.

Protini hizo za kufungulia milango huitwa saiklini. Ziligunduliwa mwaka 1982 na Mwingereza Tim Hunt, alipokuwa Marekani akichunguza mayai ya yule mnyama mviringo wa baharini mwenye miiba mirefu, ambaye watoto wetu huonywa wasimkanyage kwenye miamba maji yakitoka. Hunt aliona protini moja ikiongezeka polepole, kisha ikatoweka ghafla kila seli zilipogawanyika, halafu ikaanza kuongezeka tena. Kwa ugunduzi huo alishirikishwa na Leland Hartwell na Paul Nurse katika Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2001.

Saa za kwanza baada ya kisu

Mengi tuyajuayo kuhusu ini yalitokana na panya. Mwaka 1931, Higgins na Anderson, watafiti wa Marekani, walieleza njia ya kumwondolea panya karibu theluthi mbili za ini bila kumuua. Panya hao walipona, na kwa muda wa takriban siku 7 hadi 10 ini lilikuwa limerudi kwenye uzito wake.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Mjusi akikatika mkia, huota mwingine pale pale. Ini haliko hivyo. Pande lililoondolewa haliroti tena. Yale yaliyosalia ndiyo yanayonenepa na kupanuka mpaka uzito wote unarudi. Umbo halirudi kama lilivyokuwa, bali kazi hurudi. Ni kama nyumba iliyoondokewa na nusu ya watu wake: hakuna anayekaa katika viti vya walioondoka, lakini waliobaki huzidi kuwa wengi mpaka mzigo wa nyumba ukabebeka kama zamani.

Basi ni nini kinachoziamsha? Dalili ya kwanza ni damu yenyewe. Damu yote ya utumboni iliyokuwa ikigawanyika katika ini zima sasa inasukumwa kupita katika sehemu ndogo iliyobaki. Katika dakika na saa za mwanzo, jeni zaidi ya 100 huwashwa ndani ya seli zilizokuwa zimetulia. Seli za ulinzi zinazokaa katika mishipa midogo ya ini, ziitwazo seli za Kupffer, hutoa ujumbe wa kemikali, mmojawapo ukiwa intalukini 6. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kwamba panya waliokosa ujumbe huo ini lao lilishindwa kujijenga ipasavyo.

Ujumbe huo wa kwanza hauigawanyi seli. Kazi yake ni kuitoa usingizini na kuifikisha mlangoni. Ili ivuke kizingiti alichokieleza Pardee, huhitaji amri ya pili, nayo huletwa na vichocheo vya ukuaji. Kilicho mashuhuri miongoni mwao kilitambuliwa mwaka 1984 na Toshikazu Nakamura wa Japani katika damu ya panya waliokatwa ini. Sehemu ya kichocheo hiki huwa imehifadhiwa tayari katika nyuzi zinazozizunguka seli, mithili ya akiba ya unga stooni, na ini likikatwa hufunguliwa upesi. Ndipo saiklini zikaongezeka, mlinzi akalegea, na seli ikaanza kunakili DNA. Kwa panya mkubwa wa maabara kilele cha kunakili huko huwa karibu saa 24 baada ya upasuaji.

Kwamba amri hizo husafiri katika damu kulithibitishwa kwa jaribio la mwaka 1967. Moolten na Bucher waliunganisha mzunguko wa damu wa panya wawili, kisha wakamkata ini mmoja wao tu. Seli za ini la yule wa pili, ambaye ini lake halikuguswa, nazo zikaanza kunakili DNA. Zilikuwa zimeisikia habari ya mwenzao.

Lililo la kustaajabisha zaidi ni kwamba wakati haya yote yakiendelea, kazi za ini hazisimami. Seli inayojigawa hubaki ikitengeneza protini na kusafisha damu. Tena ini halitumii nguvu kupita haja. Panya akiondolewa theluthi moja tu, seli zilizobaki hutosheka kwa kuongezeka ukubwa. Akiondolewa theluthi mbili, hukua kisha hugawanyika. Seli za ini hutangulia. Za mirija ya nyongo na za mishipa ya damu hufuata baadaye, mpaka jengo likakamilika.

Kujua pa kukoma

Kuamka ni neema, lakini kulala tena ni neema kubwa zaidi. Ini hukua mpaka likalingana na mwili wa mwenye nalo, kisha vichocheo hupungua, kemikali za kuzuia zikashika nafasi, na seli zikarudi kwenye utulivu wao. Mtoto mdogo aliyepewa kipande cha ini la mzazi wake, kipande hicho hukua pamoja naye kadiri anavyorefuka.

Tatizo huja utaratibu huu unapoharibika, nao huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni jeraha lisilokwisha. Ini likishambuliwa mwaka baada ya mwaka na virusi, pombe, au mafuta yaliyojazana, huamshwa kila mara bila kupata nafasi ya kumaliza ujenzi. Seli nyingine zilizomo ndani yake huanza kutandaza nyuzi za kovu. Kovu likizidi, ini hugeuka gumu na lenye vinundu, damu haipiti vizuri, na seli zilizosalia hushindwa kuuitikia wito. Hali hiyo huitwa sirosisi, nayo ndiyo iliyomfikisha mama wa mfano wetu alipo. Njia ya pili ni saratani: seli inayovunja kufuli la mlango na kugawanyika bila kuitwa, na isiyosikia amri ya kukoma. Mara nyingi saratani ya ini huota katika ini lililokwisha kuwa na makovu.

Kutoa na kupokea

Julai 1989, huko Brisbane, Australia, daktari Russell Strong na wenzake walichukua sehemu ya ini la mama wa Kijapani wakampandikizia mwanawe mdogo. Hilo ndilo pandikizo la kwanza la ini kutoka kwa mtu aliye hai lililofanikiwa. Leo upasuaji huo hufanywa katika nchi nyingi, na Uturuki na Saudi Arabia ni miongoni mwa zinazoufanya kwa wingi. Familia za Kenya zenye wagonjwa wa aina hii mara nyingi huelekea India.

Kwa mtoto mdogo hutosha kipande kidogo cha upande wa kushoto. Kwa mtu mzima mara nyingi hutolewa pande la kulia, ambalo huwa karibu asilimia 60 ya ini zima. Kwa mtoaji, ukuaji huwa wa kasi zaidi katika wiki za mwanzo, na kufikia miezi 3 ini huwa kwa kawaida limekaribia ukubwa wake wa awali, ingawa kwa wengine hubaki pungufu kidogo bila kuwadhuru.

Haya yasitufanye tuuone upasuaji huu kuwa jambo jepesi. Mtoaji hupata maumivu, hukaa wiki kadhaa bila kubeba kizito, na aweza kuvuja nyongo, kupata maambukizi au damu kuganda mahali pasipofaa. Wapo, ingawa ni wachache, waliowahi kupoteza maisha. Ndiyo maana hupimwa kwa makini: kundi la damu, ukubwa wa ini, mafuta ndani yake, na hali ya moyo na nafsi. Ini lenye mafuta mengi halifai kutolewa, kwa kuwa hata lile litakalobaki kwa mtoaji huenda lisijijenge vyema.

Upo pia upande wa sheria ya dini. Februari 1988, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Jeddah na kulijadili suala la kupandikiza viungo. Liliruhusu kuhamisha kutoka kwa aliye hai kile ambacho mwili hukirudisha wenyewe, damu na ngozi zikiwa mifano iliyotajwa, kwa sharti kwamba mtoaji awe mwenye akili na hiari kamili. Liliharamisha kutoa kiungo ambacho uhai wa mtoaji hutegemea, kama moyo, na likakataza viungo vya mwanadamu kuuzwa. Kila familia itawauliza mashekhe wake kuhusu hali yake, lakini yafaa waende wakiwa wanajua ukweli wa kitabibu tulioueleza. Kanuni inayofahamika kwa wanazuoni kwamba dhara haliondolewi kwa dhara jingine haina budi kupimwa kwa ripoti za daktari mkononi.

Na neno hiari tulishike vizuri. Binti hapaswi kusukumwa kwa sababu hajaolewa, wala mke kwa sababu ni mgeni katika ukoo. Anayekubali kwa kuogopa lawama hakukubali. Familia yenye heshima humpa nafasi ya kuzungumza na daktari faraghani, na akisema hapana, neno hilo linaishia hapo.

Yaliyo mikononi mwetu

Wengi wetu hatutafikia kupandikizwa ini, wala haipasi kufikia huko. Kazi yetu ya kila siku ni kulilinda ini lisiamshwe kwa majeraha yasiyokwisha.

La kwanza ni homa ya ini ya aina B. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na virusi hivyo, na wengi hawajui. Mama mjamzito aweza kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa, kwa hiyo ombeni kupimwa mnapohudhuria kliniki. Nchini Kenya chanjo hii imo ndani ya sindano ambayo watoto hupewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, tangu mwaka 2001. Waliozaliwa kabla ya hapo huenda hawakuchanjwa. Wanaweza kupimwa na kuchanjwa wakiwa watu wazima.

La pili ni chakula chetu. Mahindi na njugu zilizohifadhiwa na unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu ya aflatoksini inayoliua ini na kuleta saratani. Mwaka 2004, katika maeneo ya Ukambani na jirani zake, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafariki. Kupika kwa kawaida hakuiondoi. Nafaka iliyobadilika rangi au kunuka kuvu haifai kuliwa, wala kusagwa kwa matumaini kwamba moto utaitakasa.

La tatu ni dawa. Parasetamoli ni salama kwa kipimo chake, lakini mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Tahadhari, kwani dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani yake. Vilevile dawa za miti shamba zisizojulikana kipimo zimewahi kuharibu maini ya watu. Ukiwa unazitumia, mwambie daktari bila kuona haya.

La nne ni mafuta yanayojilimbikiza ndani ya ini kwa unene na kisukari. Haya hupungua kwa kutembea, kupunguza soda na sukari, na kupunguza uzito polepole.

Turudi kwa binti wetu na swali la mumewe. Akishalitoa, atabaki na nini? Atabaki na kovu refu tumboni, na wiki kadhaa za udhaifu, na hatari ndogo ambayo hakuna daktari mkweli atakayemficha. Atabaki pia na theluthi moja ya ini au zaidi kidogo, ambayo seli zake, tangu saa za mwanzo, zimekwisha kusikia kwamba zinahitajika. Hayo mawili yawekwe wazi mezani mbele ya familia yote. Kisha aachiwe yeye mwenyewe aamue, na Mwenyezi Mungu amjaalie kheri katika uamuzi atakaouchukua.